Barracuda au Challenger? Namna ya kuzijua hizi gari za 1970 mpaka 1974 bila kudanganywa na stika

Kuna kitu kinaniuma kila nikipitia picha za gari za zamani za Kimarekani, zile wenyewe wanaziita muscle car. Mtu anaweka picha ya gari ya zambarau, milango miwili, boneti ndefu, nyuma imenyanyuka, chini ameandika "Challenger 1970" na watu wote wanamuitikia, wakati ile ni Plymouth Barracuda tena ya 1971. Zinafanana sikatai, ni watoto wa baba mmoja, lakini ukishaonyeshwa pa kuangalia hutazichanganya tena maisha yako yote. Na kama siku moja una hela ya kununua au unamtafutia mtu, kujua huko ndo kutakuokoa, mana kwenye hizi gari herufi moja tu ndani ya namba ya chesisi inaweza ikawa na thamani ya nyumba nzima.

Tuanze na ukoo. Baba ni Chrysler, ambaye alikua na majina mengi chini yake, na mawili kati ya hayo ni Plymouth na Dodge. Barracuda ndo mkubwa kwa umri, ilitoka tarehe 1 Aprili 1964, yani siku 16 kabla ya Ford Mustang, ila watu hawakumbuki mana Mustang iliuza kama njugu na Barracuda ilionekana kama Valiant, gari ndogo ya bei nafuu ya Plymouth, iliyobadilishwa mgongo, na kweli ndo ilivokua. Tatizo lake kubwa lilikua chini ya boneti, pafinyu, injini kubwa inaingia kwa kubanwa banwa mpaka vitu vingine inabidi uvitoe. Kwaiyo kwa mwaka 1970 Chrysler wakaanza upya kabisa, wakatengeneza bodi mpya pana wakaiita bodi E, sehemu ya mbele chini wakaazima vitu kutoka kwenye gari zao za saizi ya kati ili injini ya 440 na ile 426 Hemi (namba ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, Hemi ni jina la injini ya mbio ya Chrysler) zikae bila shida. Plymouth wakaendelea na jina la Barracuda, Dodge nao wakapewa ya kwao, Challenger. Chini zote mbele ni tosheni baa, nyuma springi za bapa, injini zilezile, gia zilezile, ata dashibodi ukikaa ndani ni ngumu kujua uko kwenye ipi kama hujaangalia jina.

Sasa wengi wakisikia hivo wanadhani ni gari moja imebandikwa majina mawili. Hapana, na hapa ndo pa kwanza pa kuangalia. Umbali wa kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma kwenye Barracuda ni inchi 108, kwenye Challenger ni inchi 110. Inchi mbili tu, ila bati zote za nje ni tofauti, huwezi kutoa mlango wa Barracuda ukaupachika kwenye Challenger. Michoro ilifanywa na watu wawili tofauti, Barracuda ni ya John Herlitz na Challenger ni ya Carl Cameron. Simama ubavuni mwa gari uangalie: Barracuda ubavu wake ni msafi, umejaa, nyuma kama paja la mkimbiaji. Challenger ina mkunjo unaotembea ubavuni kuanzia mbele alafu ukifika karibu na gurudumu la nyuma unapanda juu. Ukiuona huo mkunjo basi usiulize tena, ni Dodge. Mimi hii ndo njia naitumia ata gari ikiwa imepita mbio barabarani, kabla sijaona taa wala jina.

Twende mbele kwenye taa, mana hapa ndo watu wengi wanapokosea kwa kuchukua kanuni nusu. Kanuni watu wanayoisema ni "taa nne Challenger, taa mbili Barracuda." Upande wa Challenger ni kweli mwanzo mwisho, tangu 1970 mpaka 1974 ina taa nne za mbele, mbili kila upande. Ila Barracuda inabadilika: 1970 ina mbili, moja kila upande, mwaka 1971 ikawekewa nne, alafu 1972 mpaka 1974 ikarudi mbili. Kwaiyo ukiona mbili ni Barracuda bila ubishi, lakini ukiona nne bado hujamaliza kazi, inaweza kuwa Challenger yoyote au Barracuda ya 1971. Hapo angalia grili, ya 1971 imegawanywa vipande sita, watu wengine wanaifananisha na kikwaruzo cha jibini, alafu kama ni ile 'Cuda yenyewe ya 1971, yani Barracuda ya daraja la mbio, kwenye fenda ya mbele kila upande kuna matundu manne yamesimama kama mashavu ya samaki. Jina la samaki, wakaiwekea mashavu ya samaki, na mimi naona ndo sura nzuri kuliko zote hizi gari zilivyowahi kupata. Wako wanaoipenda ya 1970 kwa sababu imetulia, siwalaumu.

Challenger kujua mwaka wake anza nyuma. Ya 1970 taa za nyuma ni ndefu zimetanda upande mpaka upande na katikati pamekaa taa ya rivasi. 1971 zikakatwa, kushoto za kwake na kulia za kwake, ile ya katikati ikaondoka. 1972 mpaka 1974 ni vipande vinne vya mstatili, viwili kila upande, na mbele grili ikashuka mdomo kama mtu amenuna. Barracuda ya 1972 mpaka 1974 ndo rahisi kuliko zote ukiwa nyuma yake, ina taa nne za duara, mbili kila upande. Ya 1973 na 1974 kwa zote mbili utaona mabampa yamewekewa vizuizi vikubwa vya raba, ni sheria za Marekani za kugongana ndo zililazimisha, na kwa kweli ziliharibu sura.

Paa pia linakusaidia mwaka. Za kufungua juu, zile za turubai, zilitengenezwa 1970 na 1971 tu. Mtu akikuletea Challenger ya turubai anasema ni ya 1973 orijino, muage kwa heshima uondoke, juu imekatwa na fundi.

Haya, sasa ndani ya kila familia kuna majina na hapa ndo penye hela.

Upande wa Plymouth watu wanaita zote 'Cuda, kwa mazungumzo sawa, ila kiwandani 'Cuda ilikua ni daraja lake. Kulikua na Barracuda ya kawaida ambayo unaweza kuipata na injini ndogo kabisa ya silinda sita zilizolala upande, au V8 ya 318. Kulikua na Gran Coupe, ya mtu mzima anayependa starehe, ndani ina kijisanduku darini chenye taa za kukuonya. Alafu ndo 'Cuda yenyewe, ya mbio, ambayo kwa 1970 injini yake ya kuanzia ni 383 ya hosipawa 335, na unaweza kuchagua 340, 440 ya kabureta moja, 440 ya kabureta tatu yenye 390, au Hemi 426 yenye kabureta mbili kubwa na 425. Stika za ubavuni nazo zina mwaka: 1970 ni ule mstari uliopinda kama fimbo ya magongo uliokaa nyuma na kuandikwa ukubwa wa injini, 1971 ni lile bango kubwa jeusi au jeupe linalofunika robo ya nyuma mpaka mlangoni.

Upande wa Dodge kuna Challenger ya kawaida, kuna R/T ambayo ndo sawa na 'Cuda, nayo 1970 inaanzia na 383 hiyohiyo ya 335. Alafu kuna SE, ambayo mtu akiielewa anafurahi sana: SE siyo injini, ni starehe, na unaijua kwa kioo cha nyuma. Kioo cha nyuma cha SE ya 1970 ni kidogo kuliko cha Challenger nyingine, paa limefunikwa vinaili, na ndani darini kuna kile kijisanduku kinachokuambia mlango uko wazi, mafuta yanaisha, mkanda hujafunga. Na unaweza kupata R/T ambayo pia ni SE, hizo ni tamu. Baada ya 1971 jina la R/T likafa, 1972 wakaleta Rallye, ina matundu manne madogo kwenye fenda ya mbele na stika inayotoka kwenye hayo matundu kwenda nyuma. Usimkubalie mtu anayekuuzia "R/T ya 1973". Hakuna.

Alafu kuna mapacha wawili ambao ni wa 1970 pekee, AAR 'Cuda na Challenger T/A. Hawa walizaliwa kwa ajili ya mashindano ya Trans-Am, ambapo sheria ilitaka kiwanda kiuze kwa watu wa kawaida idadi fulani ya gari zinazofanana na ya mbio. AAR ni kifupi cha All American Racers, timu ya dereva wa mbio Dan Gurney. Zote mbili zina injini ya 340 yenye kabureta tatu ambayo kwenye karatasi waliiandika hosipawa 290, na hakuna anayejua hizo gari anayeamini kwamba zilikua 290 tu. Unazijua kwa boneti nyeusi ya faiba yenye pua ya kuvuta hewa, ekzosi inayotokea ubavuni mbele ya gurudumu la nyuma badala ya kutokea chini ya bampa, na tairi za nyuma kubwa kuliko za mbele, saizi E60 mbele G60 nyuma, kitu ambacho gari za kutoka dukani zilikua hazina wakati ule. Kuzitofautisha wao kwa wao, AAR stika yake ya ubavuni ni vimistari vilivyokatwakatwa vinavyoishia kwenye ngao ya AAR, T/A ni mstari mweusi wenye jina lake.

Tuje kwenye kazi yenyewe sasa, namba ya chesisi. Kila kitu nilichosema juu kinaweza kughushiwa. Grili inanunuliwa, taa zinanunuliwa, nembo ya 'Cuda unaletewa kwa posta, boneti ya faiba inatengenezwa mpya mpaka leo. Namba ndo ngumu. Iko juu ya dashibodi upande wa dereva, unaisoma ukiwa nje kupitia kioo cha mbele, na ina herufi na tarakimu 13, siyo 17 kama gari za siku hizi, usije ukadhani imekatwa.

Isome hivi. Herufi ya kwanza ni ukoo: B ni Barracuda, J ni Challenger. Hapo tayari swali la kichwa cha habari limeisha. Ya pili ni daraja: H ni ya kawaida, P ni ile Gran Coupe, S ni ya mbio, kwaiyo BS ni 'Cuda, JS ni Challenger R/T (na kwa 1972 JS ni Rallye). Tarakimu mbili zinazofuata ni aina ya bodi, 23 ni ya paa la kawaida, 27 ni ya turubai, 29 ni ile SE ya kioo kidogo. Herufi ya tano ndo injini, hii ishike sana. Kwa 1970: C ni silinda sita ya 225, G ni 318, H ni 340, J ni 340 ya kabureta tatu, L ni 383 ya kawaida, N ni 383 ya nguvu, U ni 440, V ni 440 ya kabureta tatu, R ni Hemi. Ya sita ni mwaka, 0 ni 1970, 1 ni 1971 na kuendelea. Ya saba ni kiwanda, B ni Hamtramck pale ubavuni mwa Detroit, E ni Los Angeles. Zilizobaki sita ni namba ya mfululizo.

Kwaiyo ukikuta BS27R0B alafu tarakimu sita, kaa chini kwanza upumue, hiyo ni 'Cuda ya turubai yenye Hemi ya 1970 na zilitengenezwa 14 tu. Ndugu yake wa 1971, ya turubai yenye Hemi na gia ya mkono, aliuzwa mnadani Seattle Juni 2014 kwa dola milioni 3.5. Ukikuta BH23G0B alafu gari ina nembo za 'Cuda, bango la HEMI ubavuni na boneti yenye pua inayotingishika na injini, hiyo ilizaliwa Barracuda ya kawaida yenye 318. Siyo gari mbaya ata kidogo, 318 ni injini ngumu na rahisi kutunza, inunue kama unaipenda, ila ilipe bei ya 318.

Kuna mtego hapa na nimeona watu wakiukanyaga pande zote mbili. Challenger T/A haianzi na JS. Inaanza JH23J0B, kwa sababu kiwandani waliijenga juu ya Challenger ya kawaida na siyo R/T. AAR yenyewe inaanza BS23J0B. Sasa mtu aliyejifunza kanuni ya H na S haraka haraka anaiona JH anasema hii ni feki, anaacha T/A halali kabisa inaenda kwa mwingine. Kinachothibitisha T/A na AAR ni ile J ya injini.

Kama namba ya dashibodi inasema vizuri usiishie hapo, mana kibati cha dashibodi kinaweza kutolewa gari moja kikapelekwa nyingine. Fungua boneti. Kwenye bati la juu linaloshika rejeta na kwenye ukingo wa bati la nyuma ya injini, chini ya ule mpira wa boneti, utakuta tarakimu za mwisho za namba hiyohiyo zimegongwa kwenye bati lenyewe. Zimegongwa pia kwenye injini na kwenye gia boksi. Zikilingana zote, hiyo gari bado ina moyo wake wa kuzaliwa. Zisipolingana kwenye injini tu, injini ilibadilishwa, bei inashuka lakini gari ni halali. Zisipolingana kwenye bodi, acha.

Ukiwa hapohapo kwenye boneti angalia fenda ya ndani upande wa dereva, kuna kibati kidogo kimejaa kodi, yani alama za herufi na namba. Kinasomwa kuanzia mstari wa chini kwenda juu, watu wengi wanakisoma kama gazeti alafu wanashangaa hakieleweki. Mstari wa chini unaanza na injini na gia: E74 ni Hemi, E87 ni 440 ya kabureta tatu, E86 ni 440 ya kabureta moja, D21 ni gia ya mkono spidi nne, D32 ni otomatiki. Ukipanda juu utakuta vitu alivyoagiza mnunuzi wa kwanza, kama N96 ambayo ni ile pua ya kwenye boneti inayotingishika na injini. Kama pua ipo na N96 haipo, iliwekwa baadae.

Kwenye hicho kibati kuna kodi ya rangi, na rangi ndo sehemu ninayoipenda mno mana ata hapo Dodge na Plymouth walikataa kutumia jina moja. Ile zambarau kodi yake ni FC7 kwa wote, ila Dodge wanaiita Plum Crazy na Plymouth wanaiita In-Violet. Chungwa lililokolea EV2, Dodge Hemi Orange, Plymouth Tor-Red. Kijani cha ndimu FJ5, Dodge Sublime, Plymouth Lime Light. Njano FY1, Dodge Top Banana, Plymouth Lemon Twist. Pinki FM3, Dodge Panther Pink na Plymouth Moulin Rouge. Kwaiyo muuzaji akikuambia "'Cuda yangu ni Plum Crazy orijino" anaweza kuwa mkweli kuhusu rangi, ila jina amekosea, na mimi kwa mtu anayedai ameishi na gari miaka ishirini hilo lingenifanya niangalie namba mara mbili. Na ata kabureta tatu walizipa majina mawili, Dodge ni Six Pack, Plymouth ni Six Barrel, kitu kilekile.

Kuhusu namba za hosipawa, usilinganishe ya 1970 na ya 1972 kichwa kichwa. 340 ya 1970 iliandikwa 275, ya 1972 ikaandikwa 240, na watu wanasema injini ilikufa. Sehemu ni kweli, walipunguza mgandamizo sababu ya sheria za moshi, ila sehemu kubwa ni kwamba kuanzia 1972 walianza kupima injini ikiwa na ekzosi, feni na kila kitu chake, zamani walikua wanaipima tupu. Injini kubwa zenyewe, 383, 440 na Hemi, mwisho wake kwenye hizi gari ni 1971. 1972 na 1973 kubwa zaidi ni 340, 1974 ni 360, na Aprili 1974 zote mbili zikasimama kutengenezwa. Kwaiyo 'Cuda ya 1973 yenye 440 ndani ni kazi ya mtu, inaweza kuwa nzuri sana, ila siyo ya kiwanda.

La mwisho kabla hujatoa hela, omba ruhusa ya mwenyewe utoe kiti cha nyuma. Wakati gari inaunganishwa kiwandani ilikua inatembea na karatasi yenye kodi zote za gari hiyo, na wafanyakazi walikua wakimaliza nayo wanaiacha humohumo, mara nyingi imechomekwa kwenye springi za kiti au chini ya kapeti. Ingiza mkono taratibu mana ina miaka zaidi ya hamsini na panya wanaipenda, usiivute, ipige picha kwanza ikiwa palepale ilipo, alafu ulinganishe namba yake na ya dashibodi.